Boone katika Kalamu ya Mwalimu

Mwaka 1784 John Filson, mwalimu wa shule, alitoa kitabu juu ya Kentucky, na ndani yake akamfanya Daniel Boone ajisimulie maisha yake. Lakini lugha ile si ya mwindaji. Ni insha ya mwalimu (nasi walimu twaijua). Kasoro kubwa zaidi iko nyumbani. Rebecca, aliyeolewa 1756 akazaa watoto kumi na kuzika matumaini ya wawili waliouawa, James 1773 na Israel 1782, anapita kama kivuli. Boone alipotekwa na Washawnee mwaka 1778, mkewe alidhani amekufa, akarudi North Carolina na watoto. Jemima akabaki ngomeni. Safari hiyo, ndugu msomaji, ilistahili sura nzima. Filson aliipa maneno machache, akarejea kwenye bunduki.