Queen II: tusikilize Upande Mweusi

Mtalii akiniuliza habari za Freddie Mercury, najua anachotaka: mlango wa Shangani apigie picha. Na sisi wenyewe tukimtaja, ni ugomvi. Mwaka 2006 sherehe ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya Uamsho kuipinga. Waliotaka na waliokataa wote walibishana juu ya mtu, muziki haukuwamo. Ukitajwa, basi ni ile Bismillahi ya "Bohemian Rhapsody".

Mimi nakupelekeni kwengine: Queen II, ya Machi 1974. Santuri hii haina A na B, ina Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe karibu wote ni wa Brian May, magitaa yamepangwa tabaka juu ya tabaka, mzuri, ila unamalizikia kwa wimbo wa Roger Taylor ambao huwa nauruka. Mweusi ni Freddie mtupu. Nyimbo sita, kama dakika 20.

Wakati ule hakuna aliyesema "progresivu metali", lakini "Ogre Battle" imeshafika huko. Inaanza kwa ukanda unaorudi kinyumenyume, halafu gitaa linaingia kama mtu anavunja mlango. Mazimwi yanapigana, aliyelelewa na ngano za bibi hataulizia maana. Kabla hujapumua umo ndani ya mchoro wa Richard Dadd, harpsikodi inakimbia, kisha piano ya "Nevermore", dakika moja na ushei, na hapo "The March of the Black Queen" inabadilisha mwendo mara ngapi sijui. Nyimbo zimeungana, kwa hiyo usizichanganye. Huku Chukwani ndege zinapita juu ya paa, lazima nivae hedifoni, na bora hivyo: sauti zinahama kutoka sikio moja kwenda jengine.

Wasomaji wa Gurnah watanielewa hapa. Amezaliwa Unguja 1948, Farrokh Bulsara 1946. Wote wawili Mapinduzi ya 1964 yaliwafikisha Uingereza. Gurnah amerudi nyumbani kwa riwaya, tena na tena, mpaka Nobel ya 2021. Farrokh hakurudi hata kwa wimbo. Alijitungia nchi yake, Rhye, yenye bahari saba. Wanaochimba Upande Mweusi wakitafuta karafuu na taarabu watatoka mikono mitupu, na kwangu mimi huo utupu ndio unaouma: kijana wa miaka 27 anajenga ufalme mzima, wenye malkia, majini na mazimwi, na haweki humo hata kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe.

"Seven Seas of Rhye" ndio iliyowapa Queen wimbo wao wa kwanza kupendwa Uingereza. Sikiliza mwisho wake. Ufalme unafifia, na kundi la watu, utadhani wamo kilabuni, wanaimba wimbo wa zamani wa Waingereza wa kwenda kupunga upepo ufukweni.