Wawili Hawatoshi

Oksimita ya kidoleni ni kifaa kizuri kilichoangushwa na kanuni mbovu. Kanuni yenyewe ni ya mwaka 2013, ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Mtengenezaji aliambiwa akijaribu kifaa chake kwa watu kumi au zaidi, na kati yao walau wawili wawe na ngozi nyeusi sana, au asilimia 15 ya kundi, idadi iliyo kubwa ndiyo ishike. Wawili! Kwa kifaa ambacho kesho yake kitabana kidole cha mgonjwa wa COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, huko Kagarama, wilayani Kicukiro, Kigali, ambako weusi si kundi dogo la kujaliwa mwishoni.

Uzito wa jambo hili uko kwenye jedwali. Oksimita haipimi oksijeni moja kwa moja. Inapitisha mwanga mwekundu wa nanomita 660 na mwanga wa infraredi wa 940, inalinganisha jinsi damu inayodunda inavyoufyonza, kisha inachukua jibu kwenye jedwali lililoandaliwa kabla. Jedwali hilo hupatikana kwa kuwavutisha watu wenye afya hewa iliyopunguzwa oksijeni huku wakitolewa damu ya ateri. Asiyekuwemo kwenye jaribio anasomewa jedwali la wenzake.

Na FDA haiwezi kusema haikujua. Mwaka 1990 Jubran na Tobin walichapisha matokeo ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia: kiwango cha oksijeni cha asilimia 92 kilichotosha kwa mzungu hakikumtosha mweusi, ikabidi kulenga 95. Mwaka 2005 Bickler, Feiner na Severinghaus wa San Francisco wakaonyesha kwamba kwenye ngozi nyeusi vifaa hutaja namba kubwa kuliko ukweli, na kosa hukua kadiri oksijeni inavyoshuka, yaani palepale mgonjwa anapohitaji ukweli zaidi. Miaka minane baadaye wakaandika "wawili". Ni refa aliyeonyeshwa marudio mara mbili kwenye skrini, akarudi uwanjani na kukataa penalti.

Hesabu ililetwa Desemba 2020, na Sjoding na wenzake wa Michigan. Pale oksimita iliposoma 92 hadi 96, damu ya ateri ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi; kwa wazungu, 3.6. Wasomaji wenye COPD wanaijua 88: ndipo daktari anapoanza kuzungumzia oksijeni ya muda mrefu nyumbani. Mtu anasoma 91, anaambiwa anaendelea vizuri, kumbe mstari ameshauvuka.

Wazee wetu wa fani walikuwa na subira zaidi. Oksimita ya sikioni ya Hewlett-Packard, ya miaka ya 1970, ilitumia mawimbi manane ya mwanga na kulipasha sikio joto kabla ya kusoma. Ilikuwa kubwa na ya bei ya kutisha, lakini haikuwa na haraka. Takuo Aoyagi wa Japani ndiye aliyetoa wazo la mapigo mwaka 1974, na hapo hana lawama. Tulichofuata tangu hapo ni udogo na urahisi.

Hata kifaa kikisoma sawasawa, namba huhitaji kueleweka kwa mahali na kwa mtu. Kigali iko kama mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, hivyo mtu mzima mwenye afya kusoma 95 si ajabu. Safu hii haijaacha kuwalaumu wanaoikimbiza 98 kwa kuongeza oksijeni ya mashine: kwa wenye COPD wanaolimbikiza kaboni dioksidi lengo ni 88 hadi 92, na jaribio la magari ya wagonjwa Tasmania, lililochapishwa 2010, lilionyesha waliomiminiwa oksijeni walikufa zaidi.



Tatizo jingine ni la mkono wenyewe. Mtu amepanda kilima, vidole ni baridi, kucha zina rangi nyeusi, anabana kifaa na kuandika namba ya kwanza: 84. Akiketi dakika tano, akafuta rangi, akasugua vidole na kungoja hadi mapigo ya kwenye kioo yalingane na ya kifundo cha mkono, namba inaweza kutulia kwenye 90.

Januari 2025 FDA ilitoa rasimu mpya: washiriki 150 au zaidi, na rangi ya ngozi ipimwe kwa kipimo maalumu badala ya kukisiwa tu kwa macho. Vizuri, ila rasimu inahusu vifaa vya tiba, si vile vinavyouzwa kama vya siha, na hivyo ndivyo mtu hununua kirahisi bila kumwona daktari. Kwa sasa, mgonjwa wa Kagarama akipimwa gesi za damu hospitalini, abane oksimita yake ya nyumbani dakika ileile, na tofauti ya namba hizo mbili iandikwe kwenye daftari lake.