Gari la Turbo Lililoiva: Namna ya Kulitambua

Jijini Nairobi, Subaru ya turbo husikika kabla haijaonekana. Ngurumo yake ya kukatakata ikianza kupanda kutoka mwisho wa barabara, watu hugeuza shingo, na wengi hutoa hukumu papo hapo: inanguruma, basi ina nguvu. Kipimo hicho hakifai. Ngurumo ya injini yake ya EJ20, yenye silinda nne zilizolala mbili kila upande, hutokana na mabomba ya moshi ya upande mmoja kuwa marefu kuliko ya upande wa pili, kwa hiyo mapigo ya moshi hayafiki kwenye turbo kwa vipindi sawa. Subaru wenyewe, walipowaundia Wajapani STI yenye turbo ya njia mbili katika miaka ya 2000, waliyasawazisha mabomba hayo. Gari likawa jepesi zaidi kuitikia mguu, na ngurumo ikafifia. Anayetaka kulijua gari lililotengenezwa vizuri na aisahau ngurumo kwanza.

Haya nayaandika kwa ajili ya anayenunua gari ambalo tayari limeguswa na fundi, anayetafuta fundi wa kumkabidhi lake, na anayesimama kando ya njia ya mbio za mita 402 akitaka kuelewa anachokitazama. Mfano wangu ni Subaru kwa sababu ndiyo tuliyo nayo kwa wingi, na ndiyo iliyotuingia damuni, hasa baada ya dereva Colin McRae kushinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa ndani ya Impreza. Mengi yanahusu pia Mitsubishi Evolution na Toyota za turbo.

Anza injini ikiwa baridi. Muuzaji anayekupokea na gari lililokwisha kupashwa moto amekunyima nusu ya ushahidi. Pistoni zenye nafasi kubwa hugongagonga zikiwa baridi na kunyamaza zikipata joto. Beringi za krenki zilizochoka hufanya kinyume: huanza kusikika oili ikishapata moto na kuwa nyepesi. Kwa hiyo sikiliza mara mbili, asubuhi ufunguo unapozungushwa mara ya kwanza na tena baada ya mwendo wa nusu saa. Uliza pia habari za bomba la kufyonzea oili lililo ndani ya sampo. Kwenye injini za EJ bomba hilo linajulikana kwa kupasuka, likaanza kuvuta hewa badala ya oili, na beringi hazivumilii hilo hata kwa muda mfupi. Mwenye gari anayejua swali hilo lina maana gani, na anayekuonyesha risiti ya bomba jipya, tayari amekueleza mengi kuhusu namna alivyolitunza.

Kisha fungua boneti. Kanzu nzuri hutambulikana ikigeuzwa ndani, mshono ukaonekana, na kazi ya fundi wa turbo nayo iko kwenye viungo. Tazama kila mpira unaobeba hewa iliyoshindiliwa. Je, klipu ni za aina moja, zimekaa sawa, hazijaukata mpira? Nyaya zimevikwa kinga ya joto na kupitishwa mbali na bomba la moshi, au zimesokotwa kwa vidole na kufunikwa kwa tepu? Mipira myembamba ya vakyumu ndiyo inayomsaliti fundi mzembe. Mmoja tu ukichomoka, westigeti, vali inayoidhibiti turbo, haipati habari ya shinikizo, na turbo huendelea kusukuma hewa kupita kiasi ambacho injini ilipangiwa. Fundi wa kweli amefunga kila mpira, hata ule usioweza kuonekana bila kioo.

Kuna vali moja ambayo huwa naitazama mapema, ile inayotoa mlio wa pshhh dereva anapobadilisha gia. Subaru nyingi za turbo hupima hewa kwa sensa iliyo mwanzoni mwa njia, kisha kompyuta hutoa petroli kulingana na hewa hiyo. Vali ya kiwandani huirudisha hewa ya ziada ndani ya njia. Ile ya kujionyesha huitupa nje, lakini kompyuta haijui, nayo hutoa petroli ya hewa ambayo haipo tena. Utaona moshi mweusi kila gia inapobadilishwa. Gari lenye mlio huo pamoja na moshi huo limerekebishwa kwa ajili ya masikio ya wapita njia, na ningelichunguza kwa macho makali kila mahali pengine. Milipuko ya makusudi kwenye ekzosi naiweka fungu hilohilo: joto linalopaswa kubaki ndani ya silinda linapelekwa kwenye mapanga ya turbo, nayo hulipa gharama.

Omba plagi zitolewe. Kauri yake ikiwa na rangi ya kahawia iliyofifia, mchanganyiko unakaribia kuwa sawa. Ukiona vichembe vinavyometa kama unga wa fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, na ununuzi unaishia hapo. Plagi zikiwa nje, silinda zipimwe mgandamizo moja moja. Namba yenyewe hubadilika kulingana na kipimo na mahali; cha kuangalia ni kama zote nne zinalingana. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, huenda kuna ringi au ukingo wa pistoni uliokwisha kuvunjika.

Kinachouvunja ukingo huo ndicho kiini cha ufundi wote huu. Mchanganyiko wa petroli na hewa unapaswa kuwashwa na plagi, kisha moto usambae kwa mpangilio. Joto na shinikizo vikizidi, sehemu iliyobaki hujilipukia yenyewe, na mawimbi ya mlipuko hupiga pistoni kama nyundo. Dereva anaweza asisikie kitu. Kinga ni tatu: petroli yenye oktani ya kutosha, cheche isiyowahi mno, na mchanganyiko wenye petroli ya ziada. Katika mwendo wa kawaida, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli zinatosha. Turbo ikisukuma kwa nguvu, fundi makini hushuka hadi kati ya 11 na 11.8, kwa sababu petroli hiyo ya ziada hupoza chumba cha moto. Mwombe akuonyeshe rekodi ya kompyuta ya gari likiwa kwenye gia ya nne, mguu umekanyagwa hadi mwisho. Anayefanya kazi kwa uaminifu anayo na ataifungua bila kusitasita.

Hapa Afrika Mashariki tuna jambo ambalo miongozo ya Japani na Marekani hailitilii mkazo, nalo ndilo ninalopima mafundi kwalo kuliko jingine lolote. Gari la turbo lililotoka Japani limepangiwa petroli ya daraja la juu ya kule, ambayo huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Super ya vituo vyetu vya kawaida haifiki hapo. Yaani hata gari ambalo halijaguswa linahitaji kuangaliwa upya likifika bandarini. Halafu kuna mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Chukua gari lenye kidhibiti cha mkono cha shinikizo la turbo kilichowekwa kusukuma baa 1 juu ya hewa ya nje. Nairobi, injini inapokea jumla ya baa 1.82. Literemshe hadi Mombasa bila kugusa chochote, na jumla inakuwa 2.01, takriban asilimia 10 zaidi, tena katika hewa ya moto ya pwani. Cheche iliyokuwa salama Nairobi sasa inawahi mno. Pistoni inaweza kutoboka kabla mwenye gari hajajua kosa ni nini, na atalaumu petroli aliyojaza njiani, Mtito Andei.

Kinyume chake kina madhara yake. Gari lililopangwa pwani kwa jumla ya baa 2.01, likipandishwa Nairobi na kulazimishwa kufikia kiasi kilekile, litaitaka turbo izunguke kwa kasi kubwa zaidi kwa kuwa hewa ya kuanzia ni haba. Turbo ndogo ikifika huko hutoa joto zaidi kuliko nguvu. Kwa sababu hiyo, swali langu la kwanza kwa fundi huwa hili: ulimuuliza mteja gari litaendeshwa wapi? Fundi aliyeiva ameiwekea kompyuta jedwali la kurekebisha kulingana na hewa ya mahali, na amelijaribu gari kwenye mteremko pamoja na tambarare. Asiyeelewa swali hajaiva bado, hata kama gereji yake imejaa magari ya watu mashuhuri.

Karatasi ya daino, mashine ya kupimia nguvu za gari, nayo isomwe kwa utulivu. Watu huruka moja kwa moja kwenye namba ya juu kabisa ya nguvu za farasi. Mimi hutazama umbo la mstari: unaanza kupanda wapi, unabaki juu kwa muda gani, unashuka ghafla au polepole. Gari la barabarani lenye nguvu 280 kuanzia mizunguko 3,500 hadi 6,500 litaliacha gari lenye 350 ambazo hukaa kwenye mizunguko 700 tu ya mwisho. Angalia pia kama namba imesahihishwa. Mashine nyingi huongeza asilimia fulani kufidia hewa haba ya miinuko, kwa hesabu iliyotungwa kwa injini zisizo na turbo. Kwa kuwa turbo tayari imefidia sehemu ya upungufu huo, gari lililopimwa Nairobi hupewa farasi ambao hawapo. Dai namba ghafi.

Njia ya mbio haina hesabu za kufurahisha. Mchezo wa mbio hizi za mita 402 ulipangiwa taratibu huko Marekani, Wally Parks alipoanzisha chama cha NHRA mwaka 1951, na karatasi anayopewa dereva baada ya kukimbia ndiyo ushahidi bora kuliko wote. Saa huanza kuhesabu gari linapoondoka kwenye mwale wa mstari, si taa ya kijani inapowaka, kwa hiyo uzembe wa dereva wa kuchelewa kuondoka umetengwa na muda wa gari. Tazama namba mbili. Ya kwanza ni muda wa futi 60, yaani mita 18 za mwanzo: hapo unaona tairi, klachi, sasipenshani na mguu wa dereva. Gari la mtaani linaloendesha magurudumu yote manne likifanya sekunde 1.8, limeshika ardhi vizuri, likifanya 2.2, kuna nguvu inayopotea kabla ya safari kuanza. Ya pili ni kasi ya mwisho, nayo inasema habari za injini karibu peke yake. Gari lenye kilo 1,450 pamoja na dereva likivuka mstari kwa kilomita 170 kwa saa lina nguvu za farasi kama 300. Ili livuke kwa 188 linahitaji kama 400. Anayekuambia ana 500 na karatasi yake inasema 172, mwonyeshe karatasi.

Kipimo kilicho juu ya vyote ni kurudia. Karibu gari lolote la turbo linaweza kupata muda mzuri mara moja, asubuhi, injini ikiwa na ubaridi wa usiku. Subiri likimbie mara ya nne jua likiwa utosini. Intakula ya Impreza, yaani kipoza hewa ya turbo, imekaa juu ya injini, na gari linaposimama kwenye foleni hunyonya joto lote la chini yake. Hewa inayoingia huwa ya moto, kompyuta huichelewesha cheche kwa usalama, na muda huongezeka. Aliyeweka intakula ya mbele yenye ukubwa unaofaa, rejeta isiyovuja na pampu ya mafuta inayotosha atakuonyesha karatasi nne zinazotofautiana kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kisha ataliwasha gari na kuliendesha hadi nyumbani, mama mkwe akiwa kiti cha nyuma. Kwangu, gari la farasi 280 linaloweza hayo lina thamani kubwa kuliko la 450 linaloondoka uwanjani likivutwa kwa kamba.

Yaliyobaki ni ya haraka. Sanduku la gia tano la Subaru huvunjika meno kwa kuondoka kwa kishindo, kwa hiyo uliza kama limewahi kufunguliwa. Breki zitazamwe kwa makini kama injini: baada ya dereva Scott Kalitta kufariki mwaka 2008 mwishoni mwa njia ya Englishtown, New Jersey, NHRA iliyafupishia magari yake yenye kasi kubwa kabisa njia hadi futi 1,000, ili yapate nafasi ya kusimama. Wenye mchezo wao waliuona uzito wa kusimama. Gari lenye turbo mpya na diski za breki zilizochakaa halijakamilika, na fundi aliyelitoa gereji likiwa hivyo hafai kukabidhiwa lako.

Ukienda kununua, nenda asubuhi na mapema, uwe na pesa za kumlipa fundi wako mwenyewe akupimie mgandamizo na kuvuja kwa hewa. Muuzaji akikataa plagi kutolewa, mshukuru kwa muda wake na uondoke. Na ukishalipata gari lenyewe, lipeleke kwenye njia iliyofungwa, yenye saa, gari la wagonjwa na wazima moto. Thika Road ina watoto wanaovuka.