Mshika Mawili: Tahakiki ya Shahada Mseto kwa Wanafunzi wa Arua na Koboko

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, swali moja hurudi katika nyumba nyingi za Nile Magharibi: huyu mtoto akasomee nini? Na pindi mtoto mwenyewe anapotaja shahada inayochanganya taaluma mbili, mathalani sosholojia na Kiswahili, au sayansi ya siasa na Kifaransa, hakosekani mtu mzima wa kumjibu kwa methali: mshika mawili moja humponyoka. Akitaka kuongeza nguvu, husema njia mbili zilimshinda fisi. Mjadala huishia hapo, kwani methali ikishatolewa na mkubwa, mdogo hana la kusema.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki hoja hiyo. Hatusemi kwamba wazee ni wajinga. Karo ni mbuzi, ni mihogo, ni shamba la tumbaku. Anayelipa ana haki ya kuogopa. Tunachosema ni kwamba methali hiyo inamhusu mtu aliyeshika vitu viwili visivyohusiana, kimoja kila mkono. Vitu viwili vikifungwa kwa kamba moja huwa mzigo mmoja, na mzigo mmoja hubebeka. Kwa hiyo swali la kumwuliza kijana si "mbona unashika mawili?" bali "kamba yako iko wapi?"

Vitabu viwili vya mwaka mmoja

Tuanze na mfano wa hapa nyumbani. Mwaka 1960 vilichapishwa vitabu viwili kuhusu Walugbara. Cha kwanza kiliandikwa na padri mmisionari J. P. Crazzolara, nacho kilieleza sarufi na msamiati wa Kilugbara. Cha pili kiliandikwa na mwanaanthropolojia Mwingereza, John Middleton, kuhusu dini ya Walugbara. Humo alionyesha jinsi wazee wa ukoo walivyoshindania mamlaka kwa kupitia matambiko ya wahenga. Mwaka ni mmoja, watu waliozungumziwa ni walewale, na hata mchapishaji alikuwa mmoja, Oxford University Press. Hata hivyo katika maktaba zetu kitabu cha kwanza huwekwa kwenye rafu ya isimu na cha pili kwenye rafu ya sayansi ya jamii, na aghalabu mwanafunzi wa rafu moja hafiki kwenye rafu ya pili.

Hapo ndipo hasara inapotokea. Middleton hakuweza kueleza mamlaka ya mzee wa ukoo bila kueleza maneno ya Kilugbara yenyewe, kama vile ori, kwa sababu ukilitafsiri neno hilo kuwa "mizimu" na kunyamaza, umepoteza nusu ya maana. Kadhalika, msamiati wa Crazzolara humfaa zaidi msomaji anayeijua jamii iliyoyatumia maneno hayo. Kila kitabu kinamhitaji mwenzake. Tena Middleton huyohuyo alielekea pwani baadaye, na mwaka 1992 akatoa kitabu kikubwa kuhusu ulimwengu wa Waswahili kama jamii ya wafanyabiashara. Aliyeanza na Walugbara wa karibu na Arua akafika kwa Waswahili wa pwani kwa kuuliza swali la aina ileile: watu hawa wanapangaje maisha yao?

Mfano wa pili ni wa jirani yetu, Okot p'Bitek wa Gulu. Alisomea ualimu, akasomea sheria kule Aberystwyth, kisha akasomea anthropolojia kule Oxford. Mwaka 1966 akachapisha Song of Lawino, utenzi ambao hadi leo hufundishwa katika madarasa ya fasihi Afrika Mashariki nzima. Huyu alipita njia tatu wala hakupasuka msamba kama fisi wa hadithi. Sababu ni kwamba njia zake zote zilikwenda kwenye swali moja, nalo ni jinsi Waacholi walivyoishi na kusema kabla ya kufundishwa kujidharau.

Mahali penyewe ni mseto

Mwanafunzi wa Arua au Koboko ana faida ambayo mwenzake wa kwingineko huenda hana. Kwa siku moja tu, bila kupanda basi, anaweza kusikia lugha za makundi manne yasiyofanana: Kilugbara cha kundi la Sudani ya Kati, Kikakwa cha Kinailoti cha Mashariki, Kiswahili cha Kibantu, na Kinubi ambacho ni krioli iliyotokana na Kiarabu. Hapo hatujataja Lingala inayovuka kutoka Kongo, wala Kiarabu cha Juba kinachoshuka kutoka Sudan Kusini. Wakakwa wenyewe wamegawanywa na mipaka ya nchi tatu zinazokutana karibu na Koboko.

Mambo hayo hayakutokea kwa bahati. Sehemu hii ilikuwa katika Lado chini ya mfalme wa Wabelgiji hadi mwaka 1910, ikaingia Sudan, kisha mwaka 1914 ikaunganishwa na Uganda. Baadaye vijana wengi wakaandikishwa katika jeshi la kikoloni ambalo lugha yake ya amri ilikuwa Kiswahili. Baada ya serikali ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, maelfu ya watu walikimbilia Kongo (wakati huo Zaire) na Sudan, na waliorudi miaka ya 1980 walirudi na lugha walizojifunza ugenini.

Sasa tuulize: kwa nini Kiswahili kionekane lugha ya kawaida ya biashara katika soko la Arua, lakini kwa wazee wengi wa kusini mwa nchi kikumbukwe kama lugha ya askari? Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwanaisimu peke yake hawezi kueleza kwa nini hatua tatu za namna hiyo zimechukua karibu miaka 50. Mwanasiasa peke yake pia hawezi. Ali Mazrui, aliyefundisha sayansi ya siasa Makerere hadi mwaka 1973, alishirikiana na Alamin Mazrui, mtaalamu wa lugha, kuandika kitabu cha mwaka 1995 kuhusu Kiswahili, dola na jamii. Kazi hiyo iliwahitaji wawili. Shahada mseto nzuri humwandaa mtu mmoja aanze kuifanya.

Kasoro za shahada zenyewe

Baada ya kuisifu, hapana budi tuikosoe. Zipo shahada ambazo ni mseto kwa jina tu. Mwanafunzi husoma vipande vya uchumi, vipande vya saikolojia, vipande vya utawala na muhula mmoja wa "stadi za mawasiliano", na hakuna somo hata moja ambapo vipande hivyo hukutanishwa. Hapo methali ya wazee ina haki kamili, kwani huo si mzigo uliofungwa, ni kuni zilizotawanyika.

Kwa upande wetu wa Nile Magharibi, shahada zenye neno "maendeleo" zimependwa sana, na sababu yake inaeleweka. Kambi ya Bidibidi ilifunguliwa Yumbe mwaka 2016. Rhino Camp na Imvepi zikapanuka. Lobule iko Koboko kwenyewe. Kijana aliona magari ya mashirika yakipita akasema, nami nitapanda hilo. Lakini mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata misaada yake na shirika la USAID likafungwa, na kazi nyingi za mashirika zikatoweka kwa muda mfupi. Shahada iliyochaguliwa kwa ajili ya mwajiri wa aina moja humwacha mhitimu mikono mitupu mwajiri huyo anapoondoka.

Hata kazi hizo zilipokuwapo, kulikuwa na kasoro nyingine. Anayekwenda Lobule kuwahoji wakimbizi kutoka Kongo bila Kikakwa, Kiswahili wala Lingala humtegemea mkalimani kwa kila neno, na ripoti yake huwa ya mkalimani kuliko yake. Kwa mhitimu wa namna hiyo lugha si pambo, ni chombo cha kazi.

Shahada za lugha nazo zina lawama yao. Mwanafunzi anaweza kuzitaja ngeli zote za nomino bila kosa, asiweze kueleza kwa nini muuza samaki wa Arua hazifuati, na kwa nini hata hivyo anaeleweka na anauza. Akikiita Kiswahili cha muuzaji huyo "kibovu" na kuishia hapo, atakuwa amejifunza kusahihisha kabla ya kujifunza kusikiliza. Isimujamii, historia na utafiti wa nyanjani vingemfundisha kuuliza kabla ya kuhukumu. Vilevile Kifaransa hufundishwa kana kwamba makao yake ni Paris tu, ilhali kwa mwanafunzi wa Koboko au Vurra Kifaransa ni lugha rasmi ya nchi ya jirani, na nchi hiyo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022.

Habari ya ualimu

Wasomaji wetu wengi ni walimu au watakuwa walimu, kwa hiyo tuseme wazi. Shahada ya sanaa na elimu ni mseto wa zamani ambao hakuna anayeuita mseto: mwalimu wa sekondari huandaliwa kufundisha masomo mawili, na Kiswahili na historia, au Kiswahili na jiografia, ni jozi zinazofaa shuleni. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili, na uhaba wa walimu wake unajulikana.

Hata hivyo tusimdanganye kijana. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwalimu wa sanaa akaachwa mbali nyuma. Migomo ya mwaka 2022 na ya mwaka 2025 ilitokana na pengo hilo. Anayechagua lugha au sayansi ya jamii achague akiwa analijua pengo hilo, asije akaligundua siku ya mshahara wa kwanza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kujaza fomu

Kwanza, shahada hii ina ithibati ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na muda wake haujapita? Mwaka 2023 kulizuka wasiwasi mkubwa kuhusu kozi ambazo muda wake wa ithibati ulikuwa umekwisha. Hilo huulizwa kabla ya kulipa.

Pili, katika mwaka wa mwisho kuna somo au tasnifu inayokutanisha taaluma zote mbili? Kama hakuna, kamba haipo.

Tatu, lugha inafundishwa kwa mihula mingapi? Lugha haishikwi kwa muhula mmoja. Kama ni ya kuonja tu, afadhali mwanafunzi aichukue shahada ya sayansi ya jamii na lugha ajifunze kwa njia nyingine.

Nne, shahada hii inaruhusu kufundisha? Mwenye shahada ya sayansi ya jamii isiyo na elimu atahitaji stashahada ya uzamili ya elimu ndipo asajiliwe kuwa mwalimu, na hiyo ni karo nyingine.

Tano, inasomewa wapi? Chuo Kikuu cha Muni, cha serikali, kilichoanzishwa Arua mwaka 2013, kimejengwa zaidi juu ya sayansi na teknolojia. Arua kuna matawi ya vyuo binafsi, lakini si kila jozi ya masomo inapatikana humo. Anayetaka zaidi ya hapo huenda akalazimika kwenda Gulu au Kampala, na kutoka Arua hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 450. Chumba, chakula na nauli navyo vihesabiwe pamoja na karo.

Hitimisho

Maoni yetu ni kwamba kwa mwanafunzi wa Arua na Koboko, sayansi ya jamii pamoja na lugha ni chaguo la haki, tena ni chaguo linalomfaa kuliko wengi, endapo ataweza kutaja swali moja linaloziunganisha. Si lazima swali liwe kubwa. "Kwa nini mama yangu hubadili lugha akivuka mpaka wa Oraba?" linatosha kwa miaka mitatu ya masomo.

Kwa walimu wenzetu wa sekondari, tunaomba jambo moja. Mwanafunzi akija na fomu, msimwulize anataka kuwa nani. Mwulizeni anataka kujua nini, kisha msomeni pamoja orodha ya masomo ya shahada hiyo, somo kwa somo, kabla ya kumtolea methali.