Simu Mpya na Simu Njema

Wazee walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Neno hili laonekana wazi sana siku hizi juu ya simu za mkononi. Kila mwaka wenye viwanda hutoa simu mpya: Samsung hutangaza zake kubwa mwanzoni mwa mwaka, Apple hutangaza zake mwezi wa Septemba, na wengine hufuata katikati. Habari hizo zafika Uru siku ile ile, na kabla ya jua kuchwa vijana wa Mawella na Okaseni wamekwisha kuhesabu kamera za simu ambayo hawajaiona kwa macho. Si vibaya kupenda kujua. Lakini twaona kwamba vitu hivi husifiwa sana na kupimwa kidogo. Kwa hiyo leo twapenda kuvipima, kama mjuzi wa kahawa apimavyo buni: hatazami gunia lilivyoshonwa, bali hutia mkono ndani akazitazama punje.

Kwanza yafaa kukumbuka simu ilikotoka, maana asiyejua mwendo uliokwisha hawezi kujua kama hatua ya leo ni ndefu au fupi. Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper, mhandisi wa kampuni ya Motorola, alisimama njiani mjini New York akapiga simu kwa chombo alichokishika mkononi. Watu hawakuuziwa chombo cha namna hiyo mpaka mwaka 1983, nacho kilikaribia uzito wa kilo moja, na bei yake ilikuwa karibu dola 4,000 za Marekani. Kwetu Tanzania kampuni ya Mobitel ilianza kazi hiyo mwaka 1994 katika Dar es Salaam, na Vodacom ikaja mwaka 2000. Siku zile mtu wa Uru mwenye mtoto Dar es Salaam aliandika barua, au alishuka mpaka Moshi mjini kutafuta simu ya waya.

Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu iitwayo 1100. Haikuwa na kamera wala kioo cha rangi. Ilikuwa na tochi, na vitufe vilivyofunikwa ili vumbi lisiingie, na betri iliyodumu siku nyingi. Simu hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, wala hatushangai. Aliyeitengeneza alikuwa amemfikiri mtu anayetembea usiku katika njia isiyo na taa, naye yu mbali na umeme. Hata leo simu ndogo ya vitufe twaiita kitochi, na jina hilo lenyewe ni sifa yake.

Tena, jambo kubwa kuliko yote ambayo simu imetufanyia halikuhitaji simu ya bei kubwa. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, ikaja Tanzania mwaka 2008. Mtu akibonyeza nyota, 150, nyota, 00 na alama ya reli katika kitochi chake, atapokea fedha za mwanawe na kulipa karo bila kupanda gari. Basi, msomaji na alishike neno hili mapema: manufaa ya simu na bei ya simu havikuzaliwa siku moja, wala haviendi pamoja siku zote.

Mwaka 2007 huo huo Apple ilitoa iPhone ya kwanza. Hapo twakiri kwamba hatua ilikuwa ndefu kweli. Vitufe viliondoka, kioo kikawa ndicho kalamu na ukurasa, na ramani, kamera na intaneti vikakaa ndani ya kitu kimoja cha mfukoni. Simu janja zote tunazoziona leo, za ghali na za rahisi, zafuata njia ile. Lakini hatua kama ile haitokei kila mwaka, na hapa ndipo kosa la wauzaji lilipo: hutangaza kila mwaka kana kwamba imetokea tena. Ukiweka simu ya mwaka huu karibu na ya mwaka jana ya kampuni ile ile, mara nyingi utaona kamera imeongezewa nguvu kidogo, kioo kimeng'aa zaidi kidogo, na rangi ya mgongo ni nyingine. Mtu aliye nayo ya mwaka jana hana shida ambayo hii mpya yaja kuiondoa.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Mwezi wa Oktoba 2020 Apple ilianza kuuza iPhone 12 bila kichwa cha chaji ndani ya boksi, ikisema ni kwa ajili ya kupunguza taka duniani. Samsung ikafuata mwezi wa Januari 2021 kwa Galaxy S21. Yawezekana taka zilipungua. Lakini mnunuzi asiye na kichwa kinachofaa nyumbani alitoa fedha mara ya pili. Vivyo hivyo na simu za kukunjwa. Samsung ilitangaza Galaxy Fold mwaka 2019 kwa bei inayokaribia dola 2,000, kisha ikalazimika kuichelewesha kwa miezi kadhaa, kwa sababu vioo vya simu zilizopewa wajaribu viliharibika katika siku chache. Tangu wakati ule simu hizo zimetengenezwa vizuri zaidi. Walakini twauliza: mkulima mwenye tope mikononi wakati wa masika ana haja gani na kioo kinachokunjika?

Tusimlaumu kila mtengenezaji. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, ndiyo mwenye Tecno, Infinix na itel, simu zilizojaa katika maduka ya Moshi. Kampuni hii haikujipatia jina kwao China, bali Afrika, na sababu yake yafaa kuangaliwa. Iliona kwamba watu wetu huwa na laini mbili, kwa kuwa kuupigia mtandao mwingine kulikuwa ghali, ikawapa simu ya laini mbili. Iliona kwamba kamera nyingi hazikuonyesha vema nyuso nyeusi, ikairekebisha kamera. Iliona kwamba umeme hukatika, ikatia betri kubwa. Huo ndio ufundi tunaousifu, maana fundi alitazama kwanza mtu, ndipo akatengeneza kitu.

Sasa kuna sifa mpya inayovuma, nayo ni akili mnemba, yaani simu inayoweza kuandika, kufasiri na kujibu maswali. Samsung iliipigia mbiu mwezi wa Januari 2024 katika Galaxy S24, na Apple ikafuata mwezi wa Oktoba mwaka ule. Lakini simu ile ya Samsung ilianza kufasiri lugha 13, na Kiswahili hakikuwamo. Ya Apple ilianza kwa Kiingereza cha Marekani. Kwa hiyo mtu wa Uru aliyeinunua kwa ajili ya sifa hiyo alinunua mfasiri asiyejua lugha yake. Mambo haya yabadilika upesi, nasi hatusemi hayatatufaa kamwe. Twasema tu kwamba mnunuzi asitoe fedha leo kwa ajili ya ahadi ya kesho.

Je, simu njema yapimwaje? Sisi twaona vipimo vinne.

Cha kwanza ni betri. Betri ya simu huchoka kwa kadiri inavyochajiwa. Umoja wa Ulaya ulitoa sheria iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, ikiagiza kwamba betri ikisha kuchajiwa kikamilifu mara 800 iwe bado yaweza kushika asilimia 80 ya nguvu yake. Sheria hiyo si yetu, lakini kipimo chake twaweza kukiazima.

Cha pili ni miaka ya masasisho, yaani muda ambao kampuni itaendelea kuitengeneza programu ya simu na kuziba nyufa zinazoingiza wezi. Hili halionekani dukani, wala muuzaji halitaji, na kumbe ndilo umri wa simu. Google mwezi wa Oktoba 2023, na Samsung mwezi wa Januari 2024, waliahidi miaka 7 kwa simu zao kubwa. Simu nyingi za bei ndogo hupewa miaka michache tu. Na hasara yake ni hii: mwanzoni mwa mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zenye Android ya mwaka 2013. Kioo cha simu hizo kilikuwa kizima, betri nzima, sauti nzima. Lakini mwenyewe alijikuta nje ya kikundi cha ukoo na cha msiba.

Cha tatu ni maji na vumbi. Kwenye maelezo ya simu hutajwa herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni kinga ya vumbi, na mwisho wake ni 6. Ya pili ni kinga ya maji. Simu yenye IP68 yaweza kuzama kidogo isife. Mvua ya Uru twaijua.

Cha nne ni fundi na vipuri. Kabla ya kununua, mtu na aulize mafundi wa Moshi kama kioo na betri ya simu ile hupatikana, na kwa bei gani. Simu isiyoweza kutengenezwa ni kama jembe lisilotiwa mpini mwingine. Tena ahakikishe kwamba simu si ya bandia, kwa maana tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini, na wengi walipata hasara. Abonyeze nyota, reli, 06, reli. Zitatokea tarakimu 15, azitume kwa ujumbe kwenda namba 15090, naye ataambiwa ni simu gani.

Kuna jambo moja lililobaki, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu: simu za mkopo. Kenya mwaka 2020 Safaricom ilianza kuuza simu janja kwa kulipa shilingi 20 za Kenya kila siku, na simu ya asiyelipa hufungwa kwa mbali. Namna hii ya biashara imeenea, na kwetu ipo. Hatusemi ni wizi. Wengi wasingepata simu kwa njia nyingine. Lakini na tufanye hesabu kama darasani. Tuseme simu yauzwa shilingi 250,000 taslimu. Kwa mkopo, mnunuzi atoa kianzio shilingi 50,000, kisha shilingi 1,000 kila siku kwa siku 365. Jumla ni shilingi 415,000. Alichokopeshwa hasa ni shilingi 200,000, na juu yake ameongeza 165,000. Mtu yule yule kama angeweka shilingi 1,000 kila siku katika kibubu, angeinunua simu siku ya 250, wala asingekuwa na deni.

Na ubaya mwingine ni mkubwa zaidi kwa watu wa mlimani. Deni hili ni la kila siku, bali fedha ya kahawa ni ya msimu. Mkulima huvuna katika nusu ya pili ya mwaka. Mwezi wa Aprili, mvua inyeshapo na ndizi hazipati soko zuri, hana cha kutoa, lakini deni halijui masika wala kiangazi. Ndipo simu hufungwa mkononi mwake. Ndipo huuzwa mbuzi, au debe la mahindi ya watoto, ili kioo kifunguke. "Kukopa harusi, kulipa matanga." Wala mtu asingoje kwamba sheria itamshushia bei. Mwaka 2021 kodi ya asilimia 18 iliondolewa juu ya simu janja, na mwaka 2022 ikarudishwa.

Huenda msomaji kijana akasema kwamba twataka watu wakae na vitochi milele. Sivyo. Kijana wa Materuni anayewapeleka wageni kwenye maporomoko ya maji na kuwaonyesha ukaangaji wa kahawa, huwapata wageni hao kwa simu janja. Kwake ni jembe la kazi. Mwanafunzi aliye mbali na maktaba husoma humo. Mwezi wa Agosti 2022 shirika la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi mlimani hata mita 3,720 juu ya bahari, na mpagazi akipatwa na shida huko aweza kuomba msaada. Mtu mwenye kazi ya namna hiyo na anunue, tena anunue iliyo imara, ingawa bei yake yazidi kidogo.

Lakini mwenye simu inayopiga, inayopokea fedha na kumletea habari za watoto wake, asiitupe kwa sababu jirani ana yenye kamera tatu. "Usiache mbachao kwa msala upitao." Hukumu yetu ni kwamba simu nyingi zinazotangazwa kila mwaka ni vyombo vizuri, ila si vipya kama zinavyosifiwa, na iliyo njema kwetu ni ile itakayokuwa ingali yafanya kazi baada ya mavuno matano, na deni lake halipo. Anayeshuka Moshi wiki hii kununua na amwulize muuzaji maswali mawili kabla hajaishika simu: masasisho ya simu hii yataisha mwaka gani, na jumla ya fedha nitakazolipa mpaka mwisho ni ngapi? Muuzaji asipojibu, duka la pili halipo mbali.