Mshauri na Mshauriwa: Ujenzi wa Tabia katika Maandishi ya Nasaha

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una mazoea ya kuyagawa maandishi ya nasaha katika makundi mawili. Yale ya kale, mathalani tenzi za mwambao, hupewa heshima ya urithi, na aghalabu huchunguzwa kwa ajili ya lugha, arudhi na historia yake. Yale ya kisasa, yaani vitabu vinavyomwahidi msomaji kwamba atajenga tabia, atapata nguvu ya moyo na kufaulu maishani, hayapewi hata heshima ya kulaumiwa. Vitabu hivyo hutandazwa kando ya barabara za Nairobi, huazimwa mabwenini na kusomwa hadi kurasa zikachakaa, lakini ni nadra kutajwa katika mihadhara ya fasihi. Sababu inayotolewa ni kwamba havina usanii. Sababu hiyo haitoshi, kwa kuwa utenzi wa nasaha na kitabu cha kujiendeleza vina shabaha moja: kumwonyesha mtu njia ya kuwa mtu.

Makala haya yanadai kwamba tofauti ya kimsingi baina ya maandishi hayo haimo katika ushairi na nathari, wala katika ukale na usasa. Imo katika uhusiano wa mshauri na mshauriwa. Nasaha hupata uzito, kimaadili na kisanaa, pale ambapo anayeambiwa anamjua anayesema, na anayesema ana jambo la kupoteza. Mshauriwa anapogeuzwa kuwa mtu yeyote, nasaha hupungua ikawa kanuni; na kanuni ikishindwa, lawama yote humwangukia msomaji. Dai hili litapimwa kwa kazi za watunzi wanne: Mwana Kupona, Benjamin Franklin, Samuel Smiles na Shaaban Robert.

Wasia wa Mama

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Mtunzi wake, Mwana Kupona binti Mshamu, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, na maradhi yalikuwa yamemshika kwa muda wa mwaka mzima. Kabla ya kutoa shauri lolote anamwita bintiye aje karibu na wino na karatasi. Mwito huo si pambo la ufunguzi tu. Unamjulisha msikilizaji kwamba wakati ni mfupi, kwamba anayesema anaaga, na kwamba mkono utakaoandika ni wa yule atakayebaki kuishi na maneno hayo. Nasaha yenyewe inafananishwa na hirizi ya kufungwa kwa uzi na kidani cha lulu na marijani. Hivi ni vitu vya kuvaliwa mwilini. Hutoka katika mkono wa mtu mmoja vikakaa shingoni mwa mwingine, na thamani yake haitengani na mkono uliovitoa.

Hata hivyo, ukaribu huo haupasi kusifiwa bila tahadhari. Alice Werner na William Hichens walipoutoa utendi huu kitabuni mwaka 1934, waliupa jina lililosisitiza wajibu wa mke kwa mumewe, na tangu hapo wasomaji wengi wameuona kuwa ni mafunzo ya utiifu. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliuhoji usomaji huo na kuelekeza macho kwenye uwezo wa lugha aliokuwa nao mtunzi. Mjadala huo una manufaa, lakini kuna jambo jingine ambalo halipaswi kufunikwa. Utendi unamwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Uungwana unaojengwa hapa, basi, umesimama juu ya migongo ya watu ambao hakuna aliyewaita karibu na wino na karatasi. Uhusiano wa mshauri na mshauriwa huipa nasaha nguvu. Papo hapo huchora mpaka wa wale wanaohesabiwa kuwa wanastahili kushauriwa.

Barua Iliyopotelewa na Mwana

Mfano wa pili unatoka mbali na mwambao, lakini unaanza kwa namna ile ile: mzazi anamwandikia mwanawe. Mwaka 1771, akiwa Uingereza, Benjamin Franklin alianza kuandika habari za maisha yake kwa mtindo wa barua kwa mwanawe William, aliyekuwa gavana wa New Jersey. Sehemu hiyo ya kwanza ina visa vya ukoo, utani, na makosa ya ujana yanayotajwa kwa majina yake. Kisha vikaja vita vya uhuru wa Marekani. Baba akawa upande wa wapinzani wa mfalme, mwana akabaki upande wa mfalme, na uhusiano wao ukavunjika. Franklin alipoirudia kazi yake mwaka 1784, akiwa Passy karibu na Paris, aliirudia kwa kuhimizwa na marafiki waliomtaka aandike kwa manufaa ya umma. Mwana alikuwa ametoweka katika maandishi.

Ni katika sehemu hii ya pili, isiyo na mwana, ndipo inapoonekana orodha mashuhuri ya maadili 13. Mpango wenyewe Franklin aliubuni alipokuwa kijana, lakini nafasi yake katika kitabu ina maana. Kila adili linapewa juma lake. Kila siku ina safu yake katika jedwali. Kila kosa linatiwa alama nyeusi. Kwa mwaka mmoja mzunguko huo wa majuma 13 unaweza kukamilishwa mara nne. Jedwali hili ni babu wa mazoezi mengi yanayojaza vitabu vya kujiendeleza hadi leo. Mshauriwa wake hana jina wala ukoo. Ana kalamu na safu za kujaza.

Lakini Franklin ni mwandishi mwerevu kuliko jedwali lake. Anakiri kwamba adili la utaratibu lilimshinda, na anatoa kisa cha mtu aliyetaka shoka lake ling'ae lote, akachoka kulizungusha jiwe la kunolea, kisha akasema kwamba shoka lenye madoa ndilo analolipenda zaidi. Muhimu zaidi ni asili ya adili la 13, yaani unyenyekevu. Orodha ya kwanza ilikuwa na maadili 12 tu. La mwisho liliongezwa baada ya rafiki mmoja, wa madhehebu ya Quaker, kumweleza kwamba watu walimwona kuwa na kiburi. Nyani haoni kundule, wasema wahenga. Mtu aliyejichunguza kila jioni kwa alama nyeusi alihitaji jicho la mwingine ili aione kasoro iliyokuwa wazi kwa wote. Hivyo matini yenyewe inakanusha wazo kwamba nafsi inaweza kujijenga peke yake.

Chumba cha Leeds

Samuel Smiles ndiye aliyeipa aina hii ya maandishi jina lake la Kiingereza. Kitabu chake kikuu kilichapishwa mwaka 1859, mwaka mmoja tu baada ya Mwana Kupona kutunga utendi wake, na inakisiwa kwamba nakala 20,000 ziliuzwa katika mwaka wa kwanza. Kitabu hicho kimelaumiwa sana kwa kuutukuza ubinafsi wa kibepari. Smiles mwenyewe, katika dibaji ya toleo la mwaka 1866, alisikitika kwamba jina la kitabu liliwafanya baadhi ya watu wadhani kuwa kinausifu ubinafsi.

Asili ya kitabu inamtetea kwa kiasi fulani. Katika utangulizi wake Smiles anasimulia juu ya vijana wawili watatu wa tabaka la chini katika mji wa Leeds, ambao waliazimia kukutana jioni za majira ya baridi ili wafundishane walichokijua. Walianza katika chumba cha nyumba ndogo, kisha bustanini, na idadi yao ilipozidi kuongezeka wakakodi chumba kikubwa ambacho hapo awali kilikuwa hospitali ya muda ya wagonjwa wa kipindupindu. Hakuna mwingine aliyekitaka. Humo ndimo, walipokuwa wamefika kama mia moja, walimomwalika Smiles mwaka 1845 aje kuzungumza nao kidogo. Kitabu kinachodhaniwa kuwa msahafu wa mtu mmoja mmoja kilizaliwa katika chumba cha watu waliosaidiana.

Kasoro ya Smiles ni ya kisanaa kabla ya kuwa ya kiitikadi. Chumba cha Leeds kinabaki katika utangulizi tu. Kurasa zinazofuata zinajazwa na wasifu mfupi wa wavumbuzi, wahandisi na wafinyanzi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akishinda kwa bidii na subira. Wale vijana mia moja hawarudi tena. Katika kurasa hizo msomaji haambiwi nani kati yao alifaulu, nani alishindwa, wala nani alimfundisha nani kusoma. Mifano ya washindi inachukua mahali pa wasikilizaji, na ushirika unayeyuka.

Katika jambo hili matumizi ya Kenya yana funzo. Neno lile lile la Kiingereza ambalo Smiles alilifanya jina la kitabu limekuwa, nchini Kenya, jina la kawaida la vikundi vya watu wanaochangiana fedha na nguvu. Shule za harambee zilizojengwa na wanavijiji baada ya uhuru wa mwaka 1963 zilihesabiwa katika fungu hilo. Tanzania nayo, kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, ililipa neno kujitegemea maana ya taifa zima. Watumiaji wa lugha, bila kumsoma Smiles, walikirudisha chumba cha Leeds mahali pake.

Baba Aliyefiwa

Shaaban Robert (1909–1962) anazikutanisha njia hizi mbili. Katika Maisha Yangu, tenzi za nasaha anazowatungia watoto wake, Hati na Adili, zimo ndani ya habari za maisha ya karani wa serikali ya kikoloni aliyefiwa na mkewe Amina. Msomaji wa kitabu chote hawezi kuzisoma tenzi hizo kama kanuni tupu. Anajua kwamba anayehimiza subira ni mtu ambaye subira imemgharimu. Jeraha la mshauri ndilo dhamana ya nasaha.

Utubora Mkulima, riwaya iliyotoka mwaka 1968 baada ya kifo chake, ni kielelezo cha upande wa pili. Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima, na jina lake linatangaza tabia yake kabla hajatenda lolote. Wahakiki wamezoea kumwita mhusika bapa. Kwa mujibu wa dai la makala haya, tatizo lake ni kwamba hana mshauriwa ndani ya riwaya anayehatarisha chochote kwa kumsikiliza. Anatazamwa na kusifiwa kama wanavyotazamwa wahandisi wa Smiles. Mtunzi ni yule yule na imani yake katika utu haijabadilika. Uhusiano ndio uliobadilika.

Hoja ya Kupinga

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Yawezekana kwamba nasaha isiyomjua msomaji wake ndiyo inayomweka huru. Yatima hana mama wa kumwita karibu. Msichana ambaye wasia wa nyumbani unamtaka anyamaze anaweza kupata katika kitabu cha mgeni ruhusa ya kusema. Kitabu hakimwamuru, akitaka hukifunga. Waliotengwa na utendi wa Mwana Kupona hawakuzuiwa kukisoma kitabu cha Smiles kwa sababu ya nasaba. Pingamizi hili ni la kweli, na ndilo linaloeleza kwa nini vitabu vya kando ya barabara vinapendwa na watu ambao hawakurithi mshauri.

Lakini uhuru huo una bei yake. Stephen Covey, katika kitabu alichokitoa mwaka 1989, alilalamika kwamba maandishi ya Marekani kuhusu mafanikio yalikuwa yameiacha tabia na kuishughulikia haiba ya nje, na akataka tabia irudishwe. Lalamiko lake ni sahihi, lakini dawa yake ni nusu, kwani msomaji anabaki kuwa yeyote. Katika miaka ya 1990, marekebisho ya uchumi yaliwaachisha kazi maelfu ya watumishi wa serikali nchini Kenya. Kwa mtu aliyepokea barua ya kuachishwa, kitabu kinachodai kwamba hali ya mtu ni tunda la tabia yake kilikuwa na maana moja tu: kwamba kosa ni lake. Mama wa Siyu asingeweza kumwambia bintiye hivyo, kwa kuwa aliijua nyumba ambayo binti huyo angebaki ndani yake.

Hitimisho

Uhakiki, basi, hauna sababu ya kuendelea kuyapuuza maandishi ya kujijenga, wala hauna sababu ya kuyapokea yote. Unayo maswali ya kuyauliza. Nani anasema, na kusema kwake kunamgharimu nini? Anayeambiwa ana jina na mahali, au ni nafasi tupu katika jedwali? Nani ameachwa nje ya mlango? Na nasaha ikishindwa, matini inambakishia msomaji nani wa kumgeukia? Maswali haya yanaufaa utenzi wa karne ya 19 sawasawa na kitabu kilichonunuliwa leo kando ya barabara. Yakiulizwa kwa makini, itadhihirika kwamba maandishi bora ya aina hii hayamfundishi mtu kujitosha. Humpa nguvu ya moyo kwa kumhakikishia kwamba kuna mtu aliyemfikiria alipokuwa akiandika.