Hoho ya Szeged katika kibanda cha simbilisi

Chukua hoho nyekundu moja, itoe mbegu, kisha kata ukanda wenye upana wa vidole viwili. Ukiuweka kwenye mizani ya jikoni utasoma kama gramu 16. Kwa simbilisi wa kilo moja, ukanda huo peke yake umemaliza haja ya vitamini C kwa siku nzima: miligramu 20 hivi. Ukitaka apate kiasi hichohicho kwenye karoti, itabidi ale gramu 340, yaani theluthi ya uzito wake mwenyewe. Kwenye tango, gramu 700. Mfugaji anayejaza bakuli matango na karoti, huku akifurahia jinsi mnyama anavyotafuna na kupiga miluzi, anaamini amemlisha mboga. Kwa kweli amempa maji na sukari.

Hesabu hiyo haikuanzia kwa wauza vyakula vya wanyama. Ilianzia maabara, na waliolipa gharama yake ni simbilisi wenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mabaharia wa Norwei walikuwa wakiugua maradhi yaliyoitwa beriberi ya melini. Axel Holst, profesa wa elimu ya afya mjini Kristiania (leo Oslo), alikuwa amefika Java na kuona kazi ya Waholanzi waliolisha kuku mchele uliokobolewa mpaka wakapooza miguu. Aliporudi alianza na njiwa, kisha akataka mnyama anayenyonyesha. Yeye na daktari wa watoto Theodor Frølich wakachagua simbilisi, wakawalisha nafaka tupu na mikate ya nafaka: shayiri, ngano, oti, rai.

Walichotarajia ni kupooza. Walichopata ni ufizi unaovuja damu, meno yanayolegea na mifupa inayovunjika kirahisi. Hicho ni kiseyeye, ugonjwa ambao hadi siku hizo ulihesabiwa kuwa wa binadamu, na hakuna aliyekuwa ameutambua kwa mnyama wa maabara. Wawili hao wakabadilisha lishe hatua kwa hatua. Kabichi mbichi iliwakinga wanyama, maji ya limau pia. Chakula kilekile kikikaushwa au kuchemshwa sana, kinga ilipungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1907.

Hapa bahati ilifanya kazi kubwa kuliko werevu. Wangechagua panya, wasingeona chochote, maana panya hujitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi, kama binadamu na nyani, amepoteza kimeng'enya cha mwisho katika mnyororo wa kuitengeneza. Babu zake katika milima ya Andes walikula majani mabichi mwaka mzima, na mwili usiokosa kitu hausumbuki kukitengeneza. Mtoe mnyama huyo majanini, mfungie ndani na mpe chakula kikavu, na deni hilo la kale linaanza kudaiwa.

Robo karne baadaye swali likawa: ndani ya kabichi na limau kuna nini hasa? Mjini Szeged, Hungaria, Albert Szent-Györgyi alikuwa na kemikali aliyoiita asidi ya heksuroniki, na msaidizi wake Joseph Svirbely, aliyetoka Pittsburgh, alijua namna ya kuipima. Simbilisi walipewa chakula kilichochemshwa hadi kikaisha vitamini. Kundi moja liliongezewa miligramu moja tu ya asidi hiyo kila siku. Waliokosa walikufa kwa kiseyeye, waliopata wakabaki na afya. Mwaka 1932 mjadala ulikuwa umekwisha, ingawa Charles Glen King wa Pittsburgh naye alitangaza jibu hilohilo mwaka huohuo na ugomvi wa nani alitangulia ukaendelea. Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1937 ilikwenda kwa Szent-Györgyi.

Kilichobaki kilikuwa kupata kemikali yenyewe kwa wingi, na hilo lilitatuliwa mezani. Szent-Györgyi mwenyewe alisimulia kwamba jioni moja mkewe alimwandalia hoho za Szeged, naye hakuwa na hamu nazo. Badala ya kukataa waziwazi akakumbuka kuwa hajawahi kuzipima, akazibeba hadi maabara. Usiku huo alijua amekaa juu ya hazina. Ndani ya wiki chache alikuwa na zaidi ya kilo moja ya vitamini C safi. Kwa hiyo hoho iliyoitoa vitamini hiyo kwa wingi ndiyo leo inayostahili kukaa mbele kabisa kwenye bakuli lake. Nyekundu ina takriban miligramu 128 katika kila gramu 100, ya kijani kama 80.

Lakini kama hoho inatosha kwa vitamini C, mboga nyingine zichaguliwe vipi? Swali hili ndilo wafugaji wengi hulijibu vibaya. Wanadhani mboga mbalimbali ni kama kumpikia mgeni: vyakula vingi, heshima kubwa. Kinachoamua hasa kiko kwenye kibofu.

Simbilisi hafyonzi kalsiamu kwa kipimo cha haja yake kama wanyama wengi. Anafyonza nyingi, kisha ziada anaitoa kwa mkojo. Mkojo wenye ukungu mweupe unaoacha unga kama chokaa kwenye matandiko ndio ushahidi. Ziada ikizidi kwa miezi, unga hugeuka mawe, na mawe ya kibofu kwa mnyama wa kilo moja ni upasuaji au kifo. Sasa tazama sokoni. Mchicha, fahari ya kila genge kutoka Tanga hadi Kisumu, una kalsiamu miligramu 215 kwa gramu 100. Sukuma wiki inapita 200. Hoho nyekundu ina 7. Kabichi kama 40, giligilani (dania kwa Wakenya) 67. Pasli inashindana na hoho kwa vitamini C, 133, lakini inabeba kalsiamu 138.

Juu ya hilo kuna asidi ya oksali, inayoshikamana na kalsiamu na kujenga fuwele. Mchicha unayo kwa wingi. Na "spinachi" ya masoko yetu, ile yenye bua nene jeupe, mara nyingi si spinachi kabisa. Ni ndugu wa kiazisukari, na oksali yake ni kubwa vilevile. Mfugaji anayesoma kwenye kitabu cha Ulaya kwamba spinachi itolewe kwa nadra asijitetee kwamba yake ni ya aina nyingine.

Kapu zuri basi hupangwa kwa mgawanyo wa kazi. Mboga moja ina zamu ya kudumu, kila siku, kwa ajili ya vitamini C: hoho. Nyingine mbili au tatu huja kwa zamu kujaza kikombe kimoja, ambacho ndicho kipimo cha mboga kwa mnyama mmoja kwa siku. Saladi ya majani marefu ya kijani hufaa karibu kila siku, si ile ya mviringo iliyojaa maji. Giligilani mara mbili tatu kwa wiki. Kabichi na brokoli kidogo, kwa sababu jamii hiyo huleta gesi, na simbilisi hana uwezo wa kucheua wala kutapika ili ajinusuru. Sukuma wiki mara moja kwa wiki, jani moja. Mchicha uachiwe sahani ya ugali. Karoti na kipande cha pera ni vitafunwa vya mara moja moja: pera lina vitamini C karibu mara mbili ya hoho, lakini pia gramu 9 hivi za sukari katika kila gramu 100.

Na kikombe hicho ni kachumbari tu pembeni ya mlo. Mlo wenyewe ni nyasi, mbichi au kavu, mchana na usiku bila kipimo. Meno ya simbilisi hayaachi kuota, na nyasi ndiyo tupa yake. Nyasi za Rhodes zinazouzwa kwa marobota kwa ajili ya ng'ombe zinafaa kabisa. Lusene ina kalsiamu nyingi, iachwe kwa wachanga na wenye mimba. Maganda mabichi ya mahindi ya kuchoma, ambayo muuzaji huyatupa bure, ni karamu.

Hapo ndipo wafugaji wa vijijini wanawashinda wa mjini bila kujua. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania na Kivu huko Kongo simbilisi hufugwa kwa nyama, wakizunguka jikoni chini ya miguu ya watu. Hula nyasi zilizokatwa asubuhi na mabaki ya mboga, na nyasi mbichi hubeba vitamini C yake. Kiangazi kikali ndicho huwatikisa. Simbilisi wa ghorofani ana kiangazi mwaka mzima: chakula cha vidonge kutoka dukani, ambacho vitamini C yake hupungua sana ndani ya miezi mitatu tangu kisagwe. Tarehe iliyochapwa kwenye mfuko ina maana kuliko picha ya mnyama aliye juu yake. Matone ya vitamini kwenye chupa ya maji nayo ni ujanja mbovu. Mwanga huyaharibu, ladha hubadilika, na mnyama hupunguza kunywa.

Baadhi ya vitu havina mjadala. Parachichi, vitunguu vya aina zote, viazi mviringo vibichi, majani na mashina ya nyanya, kisamvu kibichi chenye sianidi: vyote vikae mbali. Nyanya iliyoiva haina neno, ikishatolewa kikonyo.

Mboga mpya iingie polepole, kipande cha ukubwa wa ukucha siku ya kwanza, robo jani siku ya tatu, na mpya nyingine isianze mpaka wiki iishe. Utumbo wa simbilisi unaendeshwa na vijidudu waliozoea chakula fulani, na mapinduzi ya ghafla huleta tumbo kujaa na kuharisha. Mboga zioshwe, zikaushwe, na zilizobaki zitolewe bandani baada ya saa chache.

Mizani iliyopima hoho ina kazi nyingine: mpime simbilisi mwenyewe kila wiki, siku ileile, na uandike. Akikosa vitamini C dalili huanza kuonekana baada ya wiki mbili hivi: manyoya kusimama, kuchechemea, kulia akishikwa. Uzito hushuka kabla ufizi haujavuja damu. Akipitisha nusu siku bila kula chochote, usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.